Mgeni Aliyeingia kwa Tundu la Paka

Usicheke kwanza. Najua mtu mzima akianza kukusimulia habari za tundu la paka unaona anakuletea utani. Nisikilize mpaka mwisho, halafu ukitaka kucheka utacheka. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, sijaonja hata tone la pombe, na yalianza mchana kweupe. Mlango wenyewe upo mpaka leo, pale kwangu Mkolani. Njoo uuone, ila ukifika usipige hodi mara moja ukanyamaza. Taja jina lako, la sivyo utasimama nje mpaka uote mizizi.

Mimi ni fundi wa milango. Karakana yangu iko Nyegezi, si mbali na stendi, na nakwambia bila aibu, mlango nikiufunga mimi hata sisimizi anaomba ruhusa kupita. Sasa niambie, fundi wa namna hiyo anawezaje kuwa na mlango wenye tundu nyumbani kwake? Ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa na paka mmoja dume, jicho moja bovu, tukimwita Chongo. Panya walikuwa wanatumalizia mchele, na Chongo alikuwa anawamaliza wao, ila kila alfajiri analia mlangoni afunguliwe. Mke wangu akachoka kuamka. Nikachukua msumeno, nikakata tundu la mraba chini ya mlango wa mbele, nikaning'iniza kipande cha mpira wa ndani wa tairi la pikipiki. Chongo akawa anaingia na kutoka atakavyo.

Kiangazi kimoja Chongo alitoka hakurudi. Mpira ukakauka, ukapasuka, ukabaki uzi tu. Na nyumba yetu iko juu kidogo, kwenye mawe, upepo wa ziwani unatupata wote. Mvua zilipoanza, baridi ikawa inapita pale chini kama imeonyeshwa njia, moja kwa moja mpaka kitanda cha mtoto.

Mtoto wetu ni mmoja, anaitwa Kabula, wakati huo alikuwa na miaka mitano. Tulimpata baada ya kungoja sana, kwa hiyo elewa ninaposema mtoto. Mwezi ule alishikwa na nimonia, tukalazwa naye siku nne, akitweta mpaka mbavu zinahesabika. Siku ya kuruhusiwa daktari akatuambia jambo moja tu: mtoto huyu asilale tena penye upepo, kifua chake hakitastahimili mara ya pili.

Tulipofika nyumbani mama Kabula hakuvua hata viatu. Akasimama mbele ya mlango, akaniangalia.

"Fundi wa watu," akasema. "Kwa wateja unaziba mpaka tundu la ufunguo. Kwako umewawekea panya lango."

"Nitaziba kesho."

"Kesho hiyo hiyo ya tangu Pasaka?"

Nilikasirika. Nikasokota matambara, nikayashindilia pale tunduni. Asubuhi nikayakuta ndani, sakafuni. Upepo, nikasema. Siku ya pili nikashindilia kwa nguvu zaidi. Asubuhi nikayakuta tena sakafuni, ila safari hii yamekunjwa. Yamekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, yamepangwa kando ya ukuta. Nikadhani ni mke wangu. Yeye akadhani ni mimi, nimeanza kuwa na adabu uzeeni. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Lo, laiti tungeulizana!

Jumamosi nikaamua kumaliza kazi. Wingu zito lilikuwa limeinuka upande wa ziwa, saa tisa mchana lakini ndani unahitaji taa. Mke wangu alikuwa chumbani anamlaza Kabula. Nilikuwa na kipande cha mninga, nimekipiga randa mpaka kinang'aa. Nikafunga mlango, nikapiga magoti kwa ndani, misumari michache nimeibana pembeni mwa mdomo kama kawaida yetu mafundi, nyundo mkononi.

Nikasikia, "Hodi."

Sauti ya mwanamke mzee, ndogo, imekauka. Na mimi, misumari mdomoni, nisiinue hata kichwa, nikajibu kama nilivyozoea kujibu tangu nimejua kusema: "Karibu!"

Niamini, siku zote nyumbani kwetu tulifundishwa hodi ya kwanza usiikimbilie, uliza kwanza nani. Lakini mchana? Una kazi mkononi? Mdomo unajibu wenyewe. Kilichonishtua kilikuja baada ya hapo. Sauti ile haikutokea juu, mahali mtu anaposimama. Ilitokea pale pale tunduni, usawa wa magoti yangu. Na papo hapo baridi ikapita juu ya mkono wangu, taratibu, kama kitu kinachojivuta, vinywele vyote vikasimama.

Nikatema misumari, nikafungua mlango. Hakuna mtu. Mvua ilikuwa haijadondosha hata tone, vumbi la uani limetulia, hakuna unyayo ila wa kwangu. Nikasema moyoni, mzee wewe umechoka, hujalala vizuri tangu hospitali. Nikafunga mlango, nikapigilia ule ubao. Nikachanganya gundi na unga wa mbao, nikapaka pembeni kote. Nikawasha kiberiti na kukisogeza, kwa sababu ndivyo ninavyopima kazi yangu, ukuta wowote unaovuja upepo utaona moto umelala. Moto ulisimama wima. Nikajipongeza mwenyewe, mjinga mimi.

Mvua ikaanza. Ikapiga bati kama inadai kitu, na badala ya nyumba kupata joto, ikazidi kupoa. Kufika saa kumi na moja tumevaa makoti. Mke wangu akaniita, na sikupenda namna alivyoniita. Nikaingia chumbani. Jamani, umewahi kusimama karibu wachuuzi wa sangara wanapofungua kasha la barafu? Ndivyo chumba kile kilivyokuwa. Mvuke ulikuwa unatoka mdomoni mwa mke wangu. Hapa hapa Mwanza! Na Kabula amelala chali, midomo imebadilika rangi, kifua kinapanda kwa shida, kinashuka kwa shida.

"Hukuziba," mke wangu akasema. "Umeniambia umeziba."

"Nimeziba!"

Nikatoka na kiberiti, nikapima tena. Wima. Nikarudi chumbani kikiwa kinawaka mkononi, na nilipovuka kizingiti moto ukalala. Ukalala kuelekea kwangu. Nikakaa nao ukanichoma vidole, nikawasha mwingine nikauinamisha karibu na kitanda, ukalala zaidi. Upepo ulikuwa hautoki nje. Ulikuwa unatoka chini ya kitanda cha mwanangu, unatafuta mlango.

Kabula akafumbua macho. Akasema kwa shida, neno na pumzi, neno na pumzi, "Baba. Bibi anasema. Umemkaribisha. Halafu umemfungia."

Sikuchuchumaa kwa ushujaa, nilianguka tu, na nilipoanguka nikaona chini ya kitanda. Kwanza niliona matambara yangu, yamekunjwa, yale niliyokuwa nimeyatupa mwenyewe kwenye shimo la taka. Juu yake palikuwa na nyayo mbili. Nyayo za mtu mzee, zimepasukapasuka, zina vumbi kavu. Mwili uliobaki ulikuwa umejikunja gizani, umenipa mgongo, na mgongo wenyewe haukuwa mkubwa kuliko wa paka.

Unajua nilifanya nini? Mungu ananiona, sitaongeza wala kupunguza. Nilisema, "Shikamoo."

"Marahaba, baba," sauti ile ile ikanijibu, mgongo haukugeuka. "Nimekaa vya kutosha. Nifungulie niende."

Mke wangu alisikia. Alimnyakua mtoto, akambana kifuani, akanipigia kelele, "Fungua! Unamwamkia nini, fungua mlango!" Nikakimbia nikafungua mlango wazi, mvua ikaingia mpaka sebuleni. Tukangoja. Baridi haikuondoka. Kabula akaanza kukoroma, ule mkoromo tulioujua hospitali, nikahisi mtoto ananitoka hivi hivi nikiangalia.

"Siyo hapo," sauti ikasema kutoka chumbani. Haikukasirika. Ilikuwa kama ya mgeni anayeona aibu kusumbua. "Nilikoingilia, baba."

Sasa nionee huruma. Ile ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote. Misumari nimeizamisha vichwa, gundi imeshashika, na mimi ndiye ninayejisifu kwamba nikifunga nimefunga. Nikarudisha mlango, nikaanza kwa nyundo ya kung'olea, haikupata pa kushika. Nikachukua patasi, nikagonga, ikateleza ikanichana kiganja. Damu, gundi, machozi, vyote pamoja. Nyuma yangu mke wangu anahesabu pumzi za mtoto kwa sauti, na nafasi kati ya pumzi na pumzi inarefuka. Nikalaani mikono yangu. Mwishowe nikauvunja ule ubao, vipande vipande, kwa hasira ya mtu aliyeshindwa na kazi yake mwenyewe.

Baridi ikapita juu ya mkono wangu, taratibu, ikielekea nje.

Kabula akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akalia. Sijawahi kupenda kilio namna ile.

Nilidhani yameisha. Nikakaa chini, mgongo mlangoni. Ndipo sauti ikaja kwa nje, pale pale usawa wa kiuno changu nilivyokaa.

"Hunisindikizi?"

Mke wangu akaniangalia. Akasema kwa sauti ya chini, "Nenda. Asirudi ndani. Nenda naye mpaka mbali." Kwetu hapa mgeni hafukuzwi na haachwi aondoke peke yake, unamfikisha barabarani, wewe unajua. Nani angenifundisha siku ile kwamba kuna mgeni wa aina nyingine?

Nikatoka. Giza lilikuwa linaanza kuingia na mvua bado inanyesha. Sikuona mtu. Nilihisi tu baridi kwenye muundi wa mguu wa kushoto, inatembea ninapotembea, inasimama ninaposimama. Tukashuka njia ya mawe, tukapita nyumba za majirani, mmoja akaniona dirishani, akaniuliza naenda wapi na mvua yote hii. Nikamjibu namsindikiza mgeni. Akaangalia kushoto kwangu, akaangalia kulia, akafunga dirisha. Mpaka leo hanisemeshi.

Tulifika kwenye kalavati, pale maji ya mlimani yanapovuka barabara ya kwenda Usagara. Mguu ulikuwa umekufa ganzi, nauburuta. Sauti ikasema, "Basi, baba. Rudi kwa mtoto. Asante kwa ukarimu."

Na mimi, mjinga niliyezaliwa na mjinga, nimelowa, natetemeka, nikiwa sitaki kitu duniani isipokuwa kiumbe yule apotee, nikafungua mdomo nikajibu kama nilivyozoea kujibu tangu nimejua kusema.

"Haya bibi. Karibu tena."

Nilisikia neno likitoka. Nilitamani kulishika mkia nilirudishe. Baridi ikakaa kidogo mguuni, kama mtu anayefikiri, halafu ikaondoka kuelekea kwenye maji.

Nilirudi nikikimbia kwa mguu mmoja na nusu. Kabula alikuwa anakunywa uji. Mke wangu akaniuliza, "Kaenda?" Nikasema kaenda. "Ulimwambia nini?" Nikasema sikumwambia kitu. Ndiyo, nilimdanganya mke wangu, na sikumwambia binadamu yeyote, mpaka leo ninapokuambia wewe.

Kabula amepona. Kifua chake ni kizima, anakimbia anashinda watoto wote wa mtaa. Mimi muundi wa kushoto umebaki wa baridi. Uguse hata saa saba mchana, karakanani, jua la Nyegezi linachoma, utadhani umeshika samaki. Vinywele havioti tena pale. Tundu sijaliziba, nimelitundikia mpira mpya na kitanda cha mtoto nimekihamishia chumba cha nyuma. Mteja akija kuniomba nimzibie tundu la paka, namrudishia ubao wake, akanitukane atakavyo. Na hodi isiyo na jina nyumbani kwangu haijibiwi. Majirani wanasema tunaringa. Waache waseme.

Wiki iliyopita mvua zilianza tena. Nikiwa natafuta kiatu chini ya kitanda cha Kabula, nikakuta sweta lake, na khanga ya mama yake, na matambara mawili. Yamekunjwa, pembe kwa pembe. Nikamuuliza kwa upole kwa nini anaweka nguo pale.

"Bibi asisikie baridi," akasema.

"Bibi gani? Bibi alishakwenda."

Akaniangalia kama watoto wanavyotuangalia tukisema uongo mbele yao. "Baba, si ulimwambia karibu tena?"

"Nani kakuambia?"

"Mwenyewe," akasema, akaendelea kucheza.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, shika hili. Kabla hujaziba tundu lolote, angalia kwanza kama walio ndani ni wa kwako wote. Ukisikia hodi, uliza nani, tena sikiliza sauti inatokea kimo gani. Na ukimsindikiza usiyemjua, funga mdomo wako mpaka ufike nyumbani. Mimi nimeshachelewa. Kila wingu likiinuka upande wa ziwa nachukua kigoda, nakaa mbele ya lile tundu mpaka mvua ikatike, nyundo mapajani na mdomo nimeujaza misumari, nisije nikajibu.