Upara wa Ingata

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza duniani. Shule niliiacha darasa la tano, leo nina maduka matatu ya unga na nyumba Gihosha. Nimeona maji yakiingia ghalani kwangu Gatumba, na kesho yake nikafungua nikauza. Lakini mwezi uliopita mke wangu alimvua kitambaa binti yetu wa miaka kumi na minne, nikaona utosini upara wa mviringo, mkubwa kama kisahani cha chai. Nikakaa chini. Upara ule naujua. Ulikuwa wa bibi yangu.

Wewe uliyekulia Buyenzi unakumbuka: asubuhi harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakikaangwa, vinu vikijibizana ua kwa ua. Bibi alikuwa akitoka Gatumba na unga wa muhogo kichwani, chini ya mzigo ameweka ingata, ile kata ya majani ya ndizi. Upara wake tuliuita upara wa ingata. Nilivyojivunia! Kila harusi nilisimama nikasema: nywele za bibi ndizo zilizotulisha watu tisa.

Sasa huyu binti hajabeba hata ndoo. Nikakosea, nakiri. "We mutoto, unajinyonyoa kama kuku wa sikukuu?" Akalia, akagoma kwenda shule wiki nzima. Nikampeleka kwa daktari.

"Papa, kuna mwingine katika familia?" daktari akauliza.

"Apana," nikajibu haraka. Halafu nikamwona bibi, jioni, juu ya mkeka, mkono mmoja unachambua maharage, mwingine umeingia chini ya kilemba. Anavuta unywele mmoja, anaupitisha midomoni. Sisi watoto tulidhani analowesha uzi wa kushonea. Sindano yenyewe hatukuiona hata siku moja.

Nikayasema yote. Daktari akatikisa kichwa kukubali. Ni ugonjwa, akasema, si uchawi wala utovu wa adabu. Mtu anang'oa nywele zake na kujizuia kunamshinda. Huenda unapita katika damu ya ukoo. Wataalamu bado wanatafuta unapitia wapi hasa, na si kila anayeurithi unamtokea. Kuna mazoezi ya kuufundisha mkono, yeye na binti watayaanza pamoja.

Binti akanigeukia. "Bibi yule wa unga?"

"Yule yule. Mwanamke wa chuma."

"Sasa papa, ile hotuba yako ya harusi?"

"Imekufa leo."

Akacheka. Siku nyingi sikuwa nimesikia kicheko kile. "Basi Jumatatu naenda shule," akasema.

Vinu vya Buyenzi vimenyamaza, mashine zinasaga. Ingata watoto wangu hawaijui. Bibi amelala kaburini na siri yake, na mimi namjivunia kuliko zamani: alibeba mizigo miwili, tukauona mmoja tu.

Tukatoka hadi kwenye dirisha la malipo. Mimi ambaye sijalipa bei ya kwanza tangu nizaliwe, sikuomba kupunguziwa. Nikatoa faranga elfu thelathini na tano.