Picha Zetu Zote Mbele ya Ukuta wa Jirani

Mwezi uliopita nilinunua kamera iliyokwisha tumika, nikarudi Mapendo, mtaa niliokulia hapa Goma, kujifunza kupiga picha. Nilitaka kitu chepesi cha kuanzia: nyumba za zamani za mbao, na etaji, yaani maghorofa ya vioo, zinazoota ubavuni mwake. Kwa hilo Goma haina uchoyo. Unasimama mahali pamoja, unageuza shingo tu.

Lakini ukweli, rafiki yangu, niliifuata nyumba moja. Ya kwetu. Mama alikuwa ameuza kiwanja, na mbao zilikuwa karibu kung'olewa. Nilikuwa nimepekua picha zote za familia nikiitafuta, nisiione hata katika moja.

Ngoja nikueleze, maana mgeni hawezi kuelewa. Utotoni mwangu mpiga picha alipita mtaani Jumapili baada ya misa, na hakuna aliyekubali kupigwa mbele ya mbao zake. Sote tulikwenda kwa jirani, mwenye ukuta wa mawe ya volkeno yaliyochongwa vizuri na geti la bluu. Mke wake alitukagua viatu kwanza, kisha akatupanga ili tusikanyage maua yake. Ubatizo, komunyo, harusi, ukuta ni ule ule. Ukikusanya picha za mtaa mzima utadhani tulizaliwa wote nyumba moja.

Nyumba yetu halisi ilikuwa ng'ambo ya njia. Baba aliijenga kwa mikono yake, akazipaka mbao mafuta machafu ya magari ili mchwa wasizile, kwa hiyo kila tulipoegemea tulichafuka. Upepo wa ziwa ulipita kwenye nyufa. Tuliziziba kwa magazeti, na ni hayo niliyojifunzia kusoma kabla sijaingia shule. Asubuhi harufu ya kukaanga sambaza, wale dagaa wa ziwani, ilitoka nje, na majirani wakajua tunakula nini. "Nyumba ya mbao haina siri," baba alizoea kusema, akicheka. Amekwisha fariki. Niliogopa kwamba mbao zikiondoka, nitabaki bila chochote cha kuonyesha kwamba aliwahi kutujengea.

Basi nikamwomba mama asimame mlangoni. Akakataa katakata.

"Juu ya nini unapiga mbao zenye kuoza? Watu watasema tulikuwa maskini."

"Mama, si tulikuwa?"

"Tulikuwa, lakini hatukuipigaka picha!"

Akavuka njia. Ukuta wa jirani haupo tena. Pale pameota etaji ya vioo kuanzia chini hadi juu. Mama akasimama mbele yake, akanyoosha kikwembe chake kiunoni, akavaa ule uso wake wa Jumapili. Nilikasirika, lakini mama ni mama. Nikarudi nyuma mpaka kizingiti cha nyumba yetu ili etaji yote iingie, nikapiga.

Nilipoitazama picha nikashangaa. Nyuma ya mama, ndani ya vioo, nyumba yetu ilisimama nzima: bati, dirisha, mlango wazi, nami mlangoni na kamera usoni. Nikamwonyesha. Akaishika kamera kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho.

"Huyu ni weye?"

"Ndiyo, Mama."

"Pale ndiyo papa yako alikuwa anasimamaka, akitungoja tutoke soko."



Mbao zimeondoka. Wanasema pale patajengwa etaji nyingine, na vioo vya ng'ambo vitakuwa na kitu kingine cha kuonyesha. Siku hizi hakuna anayeazima ukuta wa mwenzake. Kila mtu hujipiga mwenyewe kwa simu. Picha ile mama ameitundika sebuleni mwa nyumba anayoishi sasa. Wageni wakiingia husifu etaji. Mama huwaacha wasifu mpaka wamalize, kisha huinuka, akaweka kidole juu ya kioo.

"Hapana, muangalie huku," huwaambia. "Hapa ndiyo kwetu."