Sifuri ya Kiti cha Tatu

Jumanne, tarehe 9 Juni. Ukungu mzito hadi saa tatu asubuhi. Ziwa kimya, hata bendera ya klabu haikutikisika.

Mimi ndiye mtunza daftari la migongo. Kila Jumanne, kabla ya kushusha mashua, kila mpiga makasia huandika maumivu ya mgongo wake, sifuri hadi kumi. Anayezidi tano hapandi. Leo mpwa wangu, wa kiti cha tatu, aliandika sifuri.

Nikafungua daftari la miaka minne nyuma, kiti hicho kilipokuwa cha dada yake. Namba zake za wiki sita za mwisho kabla ya mashindano: mbili, mbili, nne, tatu, tano, sifuri. Za mdogo wake: mbili, mbili, nne, tatu, tano, sifuri. Hata duara la sifuri halikufungwa juu, kama la dada yake. Wakati ule, siku moja baada ya sifuri hiyo, watu wanne walimtoa dada mtu mashuani. Vidole vilikataa kuachia kasia.

Mazoezi yalipokwisha, nilisikia mtu akiburuta mguu wa kushoto ndani ya ukungu. Nikadhani ni dada mtu, anayeburuta mguu huo tangu siku ile. Kumbe ni mdogo wake.

Mchana nikaenda kwao na madaftari yote mawili. Dada mtu alikuwa chali sakafuni, miguu juu ya kiti, kama kawaida yake.

"Mjomba, mwekee mpini wa ufagio mgongoni. Haya, mdogo wangu, inama. Kunja nyonga, si kiuno."

Mpini uligusa kisogo, ukagusa mabega, kisha kiuno kikajikunja ukaanguka. Ukabingirika hadi kwenye kiganja cha dada mtu, ambacho kilikuwa kimeshafunguliwa kuungoja.

"Ngapi?"

"Sifuri."

"Hiyo sifuri naijua. Niliizaa mimi."

Nilicheka peke yangu.

"Dada, mashindano ni Jumamosi. Nikikiacha kiti kitachukuliwa."

"Kiti hakikosi mtu. Mgongo ukishaondoka, utauazima kwa nani?"

Mdogo alikuwa akitazama miguu ya dada yake juu ya kiti.

Jumatano, saa kumi na mbili na robo, alifika kabla ya wote. Akaikata ile sifuri kwa mstari mmoja, akaandika saba. Akamwambia kocha, "Saba, tangu wiki iliyopita." Kisha akalala chali kwenye mbao za gati, miguu juu ya ndoo, akaitazama mashua ikiingia ukunguni na mtu mwingine kwenye kiti cha tatu.