Mikaratusi ya Shemeji

Wasomaji wangu, juzi nilipigiwa simu kutoka Homa Bay nikaambiwa kwamba mwalimu wangu wa zamani wa biolojia, aliyekuja kuwa jirani yangu huku Uriri, amefariki hospitalini. Kanisani kwake wamemsifu kwa upole. Mimi nitamsifu kwa kisasi.

Alipofiwa na mumewe, shemeji yake alitaka kumrithi yeye na shamba. Akakataa. Basi shemeji akaingia humo shambani na vibarua, akapanda mikaratusi kuizunguka chemchemi ambako mjane aliteka maji na kunyweshea ng'ombe wake. Miti ikarefuka, chemchemi ikawa tope, kisha ikakauka. “Atahama mwenyewe,” bwana yule alitamba sokoni Awendo. Chifu alipopelekewa malalamiko, alisema mambo ya ukoo yamalizwe na ukoo.

Asubuhi moja nilimkuta Mwalimu na panga, akibandua gome la kila mti, duara kamili, upana wa kiganja. Nikamuuliza mbona asiikate tu.

“Nikiikata, atauza mbao, na visiki vitachipua. Kwani nilikufundisha nini? Jua likivuta maji kwenye majani, kila tone linalotoka linamvuta mwenzake wa nyuma, hadi mizizini. Njia hiyo iko ndani ya shina, sijaigusa. Lakini chakula cha mizizi hushukia kwenye gome. Hicho nimekizuia.”

Miezi ikapita, miti bado ya kijani. Bwana yule akaja kumcheka: “Shemeji, umeikuna mgongo tu!”

“Maji bado yanapanda,” alimjibu. “Ngoja.”

Kila chipukizi lililotoka chini ya jeraha alilikwanyua. Mwishowe mizizi ikafa njaa, maji yakakoma kupanda, na majani yakakauka kama yaliyobabuliwa na moto. Nilikuwapo shemeji alipopita mti hadi mti akigusa magome, haamini. Sikumhurumia. Mvua ziliporudi, na chemchemi ikarudi. Mke wa shemeji alikuja na mtungi, akajaziwa. Shemeji alipokuja mwenyewe, Mwalimu alisema, “Wewe nenda mtoni.” Akaenda, sote tukimtazama.

Huku kwetu mjane akionewa huambiwa amwachie Mungu, na wanaomwambia hivyo hurudi kwao kulala. Mwalimu alisali kila Sabato, na Jumapili akanoa panga. Kwa hiyo ninyi mnaonyemelea mashamba ya wajane, ukimya wao msidhani ni msamaha. Ulizeni kwanza walisomea nini.