Mchimba visima wa Matogoro aliyejaza fomu ya kwenda angani

Saa mbili na robo asubuhi ya Jumanne, Kunegunda Hyera amesimama kwenye mdomo wa kisima kijijini Mpitimbi. Viatu amevua, kamba imefungwa kiunoni na kupitishwa mapajani. Mshumaa umeshateremshwa chini ndani ya ndoo na kupandishwa ukiwa bado unawaka, maana yake hewa ya huko inafaa. Kilichobaki ni yeye kushuka.

Baba yake, Tomasi Hyera, ameshika mpini wa gogo linalozungusha kamba. Anamtazama binti yake na kumuuliza swali ambalo wachimbaji wa ukoo huu huulizana kila siku kabla mtu hajaingia shimoni.

"Una neno na mimi?"

"Ninalo," anajibu Kunegunda.

Mzee anaachia mpini. Kunegunda anafungua kamba, anaikunja vizuri, anaitundika kwenye mti na kuvaa viatu. Hii ni siku ya nne ya kazi mambo yanakuwa hivi hivi. Kisima kimefika mita kumi na nne, maji hayajaonekana, na leo pia hakuna atakayechimba.

"Nyie watu mna wazimu," anasema Ludovika Mapunda, mwenye kisima, ambaye hapa kijijini wanamwita Mama Rupert. Ameshika ndoo tupu na anaelekea mtoni kwa miguu, safari ambayo alidhani ameiaga. "Si umdanganye tu mzee wako, ushuke, mengine mtayamaliza jioni?"

Kunegunda anatikisa kichwa. Ana miaka ishirini na sita, mwembamba, mabega mapana, na akishasema hapana hana haja ya kuirudia.

Sheria ya akina Hyera ni kwamba anayeshuka na anayeshika kamba hawatakiwi kuwa na kinyongo. Mwenye kinyongo anakisema juu, kwenye ardhi, mbele ya mwenzake. Kisipokwisha, hakuna kazi. Na kisima kikishaanza na mshika kamba mmoja, habadilishwi mpaka maji yatoke.

Kinyongo cha safari hii kimetokana na karatasi moja.

Miezi mitano iliyopita, mpango mmoja wa elimu ya anga uitwao Kijana Angani ulitangaza redioni kuwa unatafuta kijana wa kumpeleka nje ya dunia kwa siku tatu na kumrudisha. Kunegunda alikuwa anakula mihogo nyumbani kwao Matogoro. Anasema aliweka sahani chini ili asikie vizuri namba ya simu.

Fomu ya kwanza iliuliza swali moja kubwa: kazi yako imekufundisha nini kitakachokusaidia huko? Wasomi waliandika kurasa. Yeye aliandika mistari miwili, na anaikumbuka kwa kichwa.

"Niliandika kwamba mimi nafanya kazi mahali pembamba, peke yangu, penye hewa ya wasiwasi, na uhai wangu ameshika mtu nisiyemwona. Nikaandika kwamba nimeshafanya hivyo kwa miaka minane na sijawahi kuomba kutolewa kwa sababu ya woga."

Kati ya maelfu ya waombaji walibakishwa ishirini, naye akiwemo. Akapimwa moyo, macho na mapafu, akafaulu. Ikabaki fomu ya mwisho, yenye sehemu ya kujazwa na ndugu wa karibu. Hapo ndipo mzee Tomasi alipokunja mikono. Mwisho wa kuituma ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni.

Mjini Songea habari hii imekuwa maongezi ya kila kijiwe. Mwandishi alipita Majengo, Lizaboni na stendi akiwauliza vijana kumi na saba kama wangekubali kupelekwa angani. Kumi na mmoja walisema wangeenda hata kesho. Mmoja, muuza nguo za mitumba, alisema anaenda ila mama yake asiambiwe.

Daimu, dereva wa bodaboda anayeegesha Matogoro, alikuwa upande wa pili na hakuona haya.

"Wallahi mimi siendi. Pikipiki ikizimika njia ya Namtumbo nahangaika nusu siku. Hicho chombo chao kikizimika huko juu, nimpigie fundi gani? Kune aende. Yule ana roho nyingine. Mimi nitampeleka mpaka uwanja wa ndege, bure, halafu nigeuze."

Kulikuwa pia na mzee mmoja kwenye baraza ya duka, miguu ameinyoosha, aliyesema vijana wa siku hizi kulima kumewashinda ndiyo maana wanataka kuruka. Alisema hayo akinywa maji ya kikombe. Maji yenyewe yalitoka kwenye kisima cha nyuma ya duka hilo, na aliyekichimba ni Kunegunda. Mwandishi alimwambia. Mzee alikitazama kikombe, akanywa yaliyobaki na kuhamia habari za bei ya mbolea.

Watu wa namna hiyo wako wengi, na inaudhi. Kijana akikaa kijiweni ni mvivu, akitaka kwenda mbali amechanganyikiwa. Kunegunda ameyasikia yote mawili kwa masikio yake, na analipwa shilingi elfu arobaini kwa kila mita ya shimo ambalo hao wanaosema hawawezi hata kulichungulia.

"Wananiuliza, mtoto wa kike, huko unaenda kufanya nini? Na nilipoanza visima waliniuliza hivyo hivyo. Sasa hivi wanapanga foleni niwachimbie. Mimi nimezoea kuulizwa."

Alianza kazi akiwa na miaka kumi na minane, baada ya kaka yake Joachim kwenda kulima tumbaku Namtumbo na kumwacha baba bila mtu wa kushuka. Mzee Tomasi alitafuta vijana wa kiume watatu. Wa kwanza alishuka mita sita akalia, wa pili hakurudi siku ya pili, wa tatu alitaka alipwe kabla. Kunegunda akavua viatu.

Kwa nini basi asidanganye, aseme hana neno, kazi iendelee? Alishawahi kufanya hivyo. Miaka miwili iliyopita, Namtumbo, alikuwa amemnunia baba yake kwa kumsema mbele ya watu. Asubuhi alipoulizwa, akajibu hana neno, akashuka. Mita tisa chini, udongo wa ukuta ukaanza kudondoka kidogo kidogo. Alitakiwa kuvuta kamba mara tatu, ishara ya kutaka kutolewa. Hakuvuta.

"Nilikuwa na hasira. Sikutaka baba aone namhitaji," anasema. "Nikajiambia nitamaliza ndoo hii kwanza. Ukuta ukaja wote, ukanifukia mpaka kiunoni. Nilipovuta, baba alikuwa ameshaanza kuzungusha, alisikia mshindo. Alinitoa huku analia. Tangu siku ile, kama ninalo nasema ninalo. Hata kisima kikae mwaka."

Mzee Tomasi naye si mtu wa kubishana kwa kelele. Alipopewa shikamoo na kuulizwa kwa nini hataki kusaini, aliitikia marahaba, akaomba kwanza akae.

"Watu wanafikiri naogopa atakufa," alisema. "Kufa hata mimi nitakufa, na nimemshusha mwenyewe shimoni kwa mikono hii. Mimi nawauliza jambo moja tu na hakuna anayenijibu. Huko anakokwenda, nani ameshika kamba? Anaitwa nani? Nikimjua, nasaini. Simjui. Nitamkabidhije mwanangu kwa mtu nisiyemjua?"

"Nimemwambia hakuna kamba," alidakia Kunegunda.

"Ndiyo hapo sasa!" alisema mzee, na wote wawili wakatazama pembeni.

Jumatano Kunegunda alifanya jambo ambalo wenzake kumi na tisa huenda hawakulifikiria. Alipiga simu Dar es Salaam, kwa ofisa wa mpango huo aitwaye Nasrin, akamwambia baba yake ana maswali, kisha akaweka sauti ya juu na kumpa mzee simu.

Nasrin alieleza kwa upole. Hakuna kamba, baba, lakini kuna chumba chenye watu wanaofuatilia mitambo mchana na usiku, wanamwona na kumsikia msafiri wakati wote. Mzee akauliza kama ni watu wale wale. Nasrin akasema wanapokezana kwa zamu.

"Wanapokezana!" Mzee aliisogeza simu mbali, akaitazama kama anayemwona mtu ndani yake. "Mama, hebu niambie. Mmoja akigombana na mwenzake, akaja kazini amenuna, anakaa kwenye huo mtambo na mwanangu yuko juu?"

Nasrin akasema hilo hajawahi kuulizwa na mtu yeyote, na kwa kuwa hajui jibu, hatamdanganya. Ataenda kuuliza.

Kunegunda anakiri kwamba alitaka kulia. Zilibaki siku mbili, na baba yake ametuma ofisi nzima ikatafute nani amenuna.

Nasrin alipiga mwenyewe Alhamisi mchana. Alisema amewauliza wahusika na wakamcheka kidogo, halafu wakaacha kucheka. Wana utaratibu. Mfanyakazi yeyote wa chumba kile ambaye moyo wake hauko sawa anaruhusiwa kusema aondolewe zamu, na haulizwi sababu. Na yeyote kati yao, hata mdogo kabisa, akisema simamisha, safari inasimama.

Mzee Tomasi alimwomba arudie. Nasrin akarudia.

"Basi hao ni watu wa kazi," alisema mzee, akarudisha simu na kwenda kunoa sururu. Hakusema atasaini, na Kunegunda, anayemjua, hakumuuliza.

Ijumaa saa nne asubuhi walikuwa wote Mpitimbi, uani kwa Mama Rupert. Daimu alikuwepo na pikipiki, tayari kumpeleka Kunegunda mjini kwenye duka la kuchapa na kutuma fomu. Mzee aliomba kalamu. Akakaa kwenye kigoda, karatasi akaiweka juu ya sinia lililogeuzwa, akaanza kusoma mstari kwa mstari, akitamka kila neno.

Sehemu yake ilisema: Mimi ndiye nitakayepewa taarifa iwapo msafiri hatarudi. Chini yake palikuwa na nafasi ya jina, uhusiano na sahihi.

Mzee alisoma sentensi hiyo mara mbili. Kisha akapiga mstari mnene juu ya neno "hatarudi", na juu yake, kwa herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la saba, akaandika "atachelewa". Akaandika jina. Mbele ya uhusiano akaandika baba. Akasaini.

Kunegunda aliipokea, akaisoma mpaka maelezo ya chini kabisa.

"Baba, hawaruhusu kufuta."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa hapa. Fomu yenye kufutwa haitapokelewa."

"Hata hilo nililolifuta lilikuwa limeandikwa," alijibu mzee. Akarudisha kalamu kwa mwenyewe, akashukuru.

Uani palichangamka ghafla. Mama Rupert alisema mzee ameharibu, tena kwa makusudi. Daimu, ambaye safari hii si yake na hataki iwe yake, ndiye aliyehangaika kuliko wote. Alisema kuna muda wa kutosha, anaweza kufika mjini na kurudi na fomu nyingine safi kabla ya saa saba, mzee asaini tena, yaishe.

"Kune, usipoteze nafasi kwa neno moja," alimsihi. "Watu elfu ngapi walitaka hapo ulipo?"

Kila mtu alimtazama baba. Mzee Tomasi alikuwa anatazama mikono yake. Alionekana kuwa tayari, akiambiwa, kuandika upya kama wanavyotaka wao, na ilikuwa wazi ingemuuma.

"Hakuna fomu nyingine," alisema Kunegunda. "Baba hajakosea. Amesoma, ameelewa, amejibu. Kama wanaweza kunirusha juu ya mawingu na kunirudisha, hawawezi kushindwa kusoma neno lenye mstari."

Akapanda pikipiki. Saa sita na dakika ishirini picha ya fomu hiyo ilitumwa, pamoja na mstari wake mnene na herufi zake kubwa. Jibu la kwanza lilikuja baada ya saa moja, la mashine, likisema fomu imepokelewa na ina kasoro, itajadiliwa. Majina ya watakaoendelea yatatangazwa mwisho wa mwezi ujao.

Jumamosi asubuhi baba aliuliza swali lake, Kunegunda akajibu hana neno, akashuka kisimani. Alipopandishwa mchana, matope hadi masikioni, mwandishi alimuuliza swali ambalo Songea nzima inamuuliza: wakikukataa kwa ajili ya neno la baba yako, hutajuta?

Alinawa uso kwanza.

"Nikisema sitaumia, si nitadanganya? Nitaumia sana. Halafu nitaomba tena mwakani, na fomu itasainiwa na baba huyu huyu, na ataandika hivyo hivyo. Mwisho wao wa umri ni miaka thelathini. Mimi nina ishirini na sita. Wana miaka minne ya kunikatalia, kwa hiyo wajipange."