Velma na Ndege Isiyojua Kusimama

Mkono wa kushoto wa Velma ulikuwa na mazoea ya miaka sita, na mazoea hayo sasa yalitaka kumwangusha.

Kwenye helikopta mkono huo ndio unaoshika wenzo wa kupanda na kushuka, uliopo kando ya kiti. Velma, mtoto wa Malaba kule mpakani, alikuwa ameushika wenzo huo akibeba wanasiasa, wagonjwa, hata bibi harusi mmoja aliyetapika njia nzima. Lakini kampeni zikiisha, helikopta zinafunikwa turubai na rubani anakaa nyumbani kuangalia simu. Kwa hivyo kampuni moja inayopeleka dawa kaskazini ilipomwambia, "Kazi iko, lakini uje na leseni ya biashara ya ndege za mabawa," Velma alirudi shule ya urubani.

Mama yake, Atyang, ambaye huuza nyanya kando ya foleni ya matrela pale Malaba, alimuuliza kwenye simu: "Si wewe ni rubani tayari? Unajifunza nini tena?"

"Mama, ni kama mtu wa bodaboda akitaka kuendesha trela. Barabara anaijua. Gari ndiyo haijui."

"Aa. Hapo nimekupata. Basi usigonge watu."

Masaa yake ya helikopta yalihesabiwa, lakini si yote. Mengine ilibidi ayatafute upya, mengine na mwalimu, mengine peke yake, na mengine akiwa amevalishwa kofia pana ya kumzuia kuona nje, asome tu zile saa za vipimo zilizo mbele yake. Mitihani ya darasani nayo akaikalia tena, pamoja na vijana waliomwita madam. Yote hayo aliyaweza. Shida ilikuwa kutua.

Kila akikaribia ardhi, Velma alipunguza mwendo mapema na kuinua pua ya ndege, kama mtu anayetaka kusimama hewani kwanza, atazame chini, halafu ashuke polepole. Mkono wa kushoto, ambao sasa kazi yake ilikuwa usukani, ulishuka wenyewe kando ya kiti kutafuta wenzo ambao haupo. Mwalimu wake, mzee Ogendo, alikuwa akiugonga na rula.

"Dada, unangoja nani huku juu? Helikopta inasimama. Hii ukiisimamisha inaanguka. Shika mwendo mpaka chini!"

Mwishowe likabaki jambo moja kabla ya mtihani wa Ijumaa, nalo ni safari ndefu ya peke yake. Maili mia tatu za angani, na njiani atue viwanja viwili tofauti, asimame kabisa mpaka magurudumu yatulie. Kupita juu hakuhesabiki. Kugusa na kuondoka pia hakuhesabiki. Ndege ilipatikana Jumatano tu, kwa sababu Alhamisi ilikuwa inaingia gereji. Akikosa Jumatano, amekosa mtihani, na kazi ya dawa anapewa mwingine mwezi ukianza.

"Nitatoka Nairobi, nitue Kisumu, halafu Busia, nirudi," Velma alisema.

"Busia nani atakuwa uwanjani?"

"Mjomba wangu Eriaku. Ndiye mlinzi wa kile kiwanja kidogo kilicho nje ya mji."

Ogendo alifikiri. "Sawa. Aandike saa na aweke saini kwenye daftari lako. Na ikifika saa saba na nusu hujatoka Busia, usitoke. Mvua ya huko haina mchezo."

Velma akampigia mjomba. "Mjomba, Jumatano saa sita. Tafadhali, ng'ombe wasiwe uwanjani."

"Ng'ombe? Hata kuku hutamwona, mama!"

Eriaku alitimiza neno lake. Jumatano asubuhi aliwafukuza ng'ombe wote mpaka Mundika. Lakini furaha ilikuwa imemshinda, na Jumapili alikuwa amesimama kanisani akatangaza kwamba Velma anakuja na ndege.

Kisumu ilikuwa laini kama chapati. Velma alitua, akasimama, akapata saini, akaondoka akiimba peke yake kwa sauti ambayo hakuna mtu angeivumilia. Nusu saa baadaye aliona mabati ya mtaa wa Burumba, pale Busia, yaking'aa, na matrela yamejipanga kuelekea mpakani. Moyo ulimruka. Karibu na kwao! Akageuza pua kuelekea kiwanjani.

Ng'ombe hakukuwa hata mmoja. Kulikuwa na watu.

Walijaa pande zote mbili, na wengine walikuwa katikati kabisa. Na pale katikati, mahali magurudumu yake yangegusa, kulikuwa kumetandikwa leso za kujifunga za kina mama, nyekundu, njano na buluu, zimepangwa kama mkeka wa mfalme.

Velma alielewa mara moja. Mwaka uliopita alileta hapa mgeni wa harambee na helikopta. Kina mama walitandika leso, kwa sababu mgeni wa maana hakanyagi vumbi, naye Velma alisimama hewani juu yao, akawangoja wasogee, akashuka taratibu karibu na leso bila kuzigusa. Walipiga vigelegele wiki nzima. Sasa walikuwa wamekuja kuona tena mambo yale yale.

Alipita chini kidogo, kando ya uwanja, akitikisa mabawa ili waondoke. Wakamjibu kwa kupunga mikono na kurukaruka.

"Si kuwasalimia!" Velma alipiga kelele ndani ya ndege. "Tokeni!"

Akazunguka. Aliporudi mara ya pili, kweli leso zilikuwa zimeondoka. Zilikuwa zimehamishiwa mbele, kwenye nyasi nzuri zaidi. Walidhani hakupenda mahali pa kwanza.

Alitaka kucheka na kulia pamoja. Mbele yake alimwona mzee mmoja amesimama katikati, kofia mkononi, anamngoja. Na hapo mkono wa kushoto ukaanza kushuka. Ulikuwa kama unaomba, *simama kidogo hapa, wangoje watoke.* Pua ikainuka. Mwendo ukapungua. King'ora cha hatari kikaanza kulia sikioni.

"Unangoja nani huku juu?"

Ogendo hakuwepo, lakini Velma alimsikia. Akarudisha mkono kwenye usukani, akashusha pua, na kwa mkono wa kulia akasukuma nguvu yote ya injini. Ndege ikanguruma, ikapanda.

Saa saba kasorobo. Mashariki mawingu yalikuwa yameanza kuvimba. Angeweza kurudi zake, lakini Kisumu peke yake ni kiwanja kimoja. Na hakuwa na namna ya kuongea na watu wa chini. Simu ya mjomba ingesikika vipi kwenye vigelegele vile?

Hapo akakumbuka mteremko wa Malaba. Trela likikosa breki, dereva huwasha taa kubwa mchana, azime, awashe, azime. Hakuna anayeuliza. Muuza mahindi, muuza maji, mtu wa kubadilisha pesa, wote wanaacha barabara. Velma mwenyewe amekulia hapo, akivutwa shati na mama yake mara ngapi!

Akageuka mara ya tatu, akajipanga mbali, akashika swichi ya taa ya kutua. Akawasha, akazima, akawasha, akazima.

Chini, Atyang, aliyekuja kutoka Malaba baada ya kusikia lile tangazo, alikuwa akishikilia ncha ya leso yake. Akaona ile taa. Hakufikiri. Miguu yake ya miaka ishirini kando ya barabara ndiyo iliyofikiri.

"Haina breki!" alipiga kelele. "Nyinyi, tokeni! Hiyo gari haina breki!"

Jamani, watu walikimbia! Leso zikanyakuliwa, viatu vikabaki. Yule mzee wa kofia aliruka mtaro kama kijana.

Uwanja ukawa wazi. Velma alishika mwendo, akaushika mpaka chini kabisa, mikono yote mahali pake. Magurudumu yakagusa, yakadunda kidogo, yakatulia. Ndege ikasimama kabisa.

Alipofungua mlango mama yake alikuwa tayari pale, anahema. "Mtoto, wamekupa gari bovu?"

"Breki iko, Mama. Ni hewani ndiyo hakuna."

Eriaku alikuja ameinamisha kichwa. Alichukua kalamu, akaandika saa kwa herufi kubwa, akaweka saini iliyojaza mistari miwili.

"Ng'ombe niliwatoa," alisema kwa sauti ndogo. "Watu hukusema."

Velma alicheka mpaka akashika bawa.

Velma alifungiwa kuku wa kuchemsha kwenye kontena ya chakula. Atyang alimpa pia ile leso, na Velma akaikunja, akaisokomeza kando ya kiti, upande wa kushoto, pale mkono unapopenda kushuka. Saa saba na dakika ishirini aliondoka, na safari hii watu wote walikuwa nyuma ya mtaro.

Ijumaa, mtahini alimtazama akitua mara tatu, mkono wa kushoto ukishuka, ukikuta leso, ukirudi kwenye usukani. Walipozima injini akaonyesha kile kitambaa. "Hii ni ya nini?"

"Ya Mama, mzee."

"Ibaki hapo hapo," alisema mtahini, akatia saini.