Hapana ya Ardis

Katika kata ya Solheim, mtu akikukaribisha kahawa, unakataa. Akikusihi, unakataa tena, ila kwa sauti ya chini kidogo. Akikusihi mara ya tatu unasema, "Basi, nusu kikombe tu," na unajaziwa mpaka pomoni. Anayekubali upesi huonekana mlafi. Anayekaribisha mara moja huonekana hakukutaka. Ardis Haugrud alikulia katika desturi hiyo kama alivyokulia katika baridi. Hata Verlyn, mumewe, alimposa mara tatu.

Verlyn alifariki. Watoto walihamia mijini. Nyumba za majirani zikabomolewa moja baada ya nyingine, mashamba yakaunganishwa, hata dirisha la jiko la Ardis likawa halioni taa ya mtu. Kilichombakia ni ukatibu wa kata. Kalavati likiziba, greda likikwama kwenye theluji, mtu akitaka kuzika kwenye makaburi ya kilimani, simu ililia kwake. Wengine walifika wenyewe, wakakung'uta viatu mlangoni, wakakataa kahawa mara mbili. Kila Ijumaa alioka biskuti za wageni asiowajua bado, na wiki nyingine ziliharibika koponi bila kuliwa.

Kila Machi, kwenye mkutano mkuu, mwenyekiti Orlin Bakkegard alimwuliza kama ataendelea. Ardis alijibu kwamba wapo wanaojua zaidi. Orlin alimtaka awataje. Ardis alisema macho yake yamechoka. Orlin akasema, "Acha maneno, Ardis, keti uandike," watu wakacheka, na mwaka mwingine ukaanza.

Machi hii Orlin, ambaye masikio yake yamekufa nusu, alikuwa amemwachia kiti Trent Maddox. Trent alitoka mji mkubwa wa kusini akanunua shamba la akina Lund. Ni mwema, theluji ya uani kwa Ardis aliiondoa bila kuombwa.

"Ardis, utaendelea na ukatibu?" aliuliza.

"Aa, siku hizi wapo wanaojua kuliko mimi."

Trent aliinamisha kichwa kwa heshima. "Tumekuelewa. Umetutumikia vya kutosha, sasa pumzika."

Akaomba makofi. Watu wachache waliokuwa kwenye viti vya chuma walipiga, na Ardis akajikuta anapiga pamoja nao. Alimtazama Orlin. Orlin alikuwa anakagua kofia yake. Janelle, mke wa Trent, alipotajwa kuchukua nafasi hiyo, alisema ndiyo kabla sentensi haijaisha, na mikono ikanyooshwa.

Nje, Orlin alisimama karibu na pikapu yake.

"Nilidhani safari hii umechoka kweli."

"Orlin, umenijua tangu darasa la kwanza."

"Nilingoja Trent akuulize tena. Kiti si changu."

"Mdomo je, nao si wako?"

Orlin alifungua mlango wa gari, akasema barabara itaganda. Ardis akakubali kwamba itaganda.

Jumamosi Trent alikuja kuchukua masanduku ya kumbukumbu za kata. Asubuhi nzima Ardis alikuwa amefanya mazoezi mbele ya sinki, akiyasema maneno yale kwa sauti mpaka yakaacha kumtia haya. Trent alipoinama kushika sanduku, akayatoa.

"Nilitaka kuendelea."

Trent aliliachia sanduku. "Sasa mbona ulikataa?"

"Sikukataa. Nilisema hapana."

Trent alimtazama kama mtu aliyeambiwa njia kwa lugha asiyoijua. Kisha, taratibu, akaelewa sehemu ya jambo hilo, uso ukamwiva. Alisema Janelle hatakasirika hata kidogo, angeweza kumrudishia kazi leo hii.

Moyo wa Ardis uliruka. Lakini ulimi ulikuwa na miaka sabini ya mazoea, na mazoezi ya asubuhi moja hayakuufikia. "Hapana, msijisumbue," alisema.

"Una hakika?"

"Janelle bado kijana. Ataiweza." Hili alilisema kwa sauti ya chini kidogo.

Mtu yeyote wa Solheim angeisikia sauti ile na kuvuta kiti. Trent alisema amemwelewa, na kwamba safari hii hataki kumlazimisha. Akanyanyua sanduku. Ardis akamshikia mlango ili upepo usiubamize, akamwangalia akilipakia kwenye pikapu, kisha Trent akasimama pale, anafikiri. Halafu akageuka, akaanza kurudi kwa haraka.

Ardis akasogea pembeni kumpisha.

Trent alikuwa amefuata sanduku la pili.